Mdogo wangu unayekuja kufanya mafunzo wodini kwetu

Mimi ni mkunga katika hospitali ya mkoa, Tanzania. Vyuo vya Ulaya na Marekani vikifunga, wodi yetu ya wazazi hupokea wanafunzi wa udaktari na uuguzi, na siku hizi wamo watoto wetu waliokulia huko. Nawaandikia ninyi hasa.

Kama huruhusiwi kumshona mama aliyechanika kule Birmingham, usimshone hapa. Atatokea mtu atakayekuambia "we fanya tu, ndiyo utajua", hasa usiku wenye wazazi wengi na wauguzi wawili. Kataa. Mama akipata madhara, wewe utakuwa umeshapanda ndege.

Jitambulishe kila kitandani. Wagonjwa wetu wakiona koti jeupe hujibu "sawa daktari" kwa lolote. Sema: "Shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi, naomba kutazama mkunga akikupima." Kisha subiri. Nimemwona mama akivuta kanga na kufunika magoti bila kusema neno. Amekwisha kukataa huyo, toka nje.

Jambo linaloniuma zaidi ni wanafunzi wa hapa. Mwanafunzi wetu wa ukunga ana daftari la kujaza, wazazi aliowazalisha chini ya usimamizi, na asipotimiza idadi anakwama. Wageni wakizunguka kitanda, yeye anasukumwa mpaka mlangoni, na kwa adabu zake hatalalamika. Mpishe. Simama nyuma yake, mshikie taa, jazeni pamoja patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama. Amezalisha wengi kuliko wewe na atakufundisha mengi.

Kabla hujamlipa wakala wa kukutafutia nafasi ya mafunzo, muulize hospitali inapata kiasi gani, nani atakusimamia, na kibali cha Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa wauguzi, kinashughulikiwa na nani. Akikujibu kwa picha za Serengeti, achana naye, tafuta chuo chenye makubaliano na hospitali yenyewe. Visa ya utalii haikuingizi wodini.

Picha za wagonjwa usipige, hata mtoto akikuchekea.

Glavu njoo nazo za kukutosha, maana kuna siku zinaisha. Na siku ya kwanza kabisa uliza dawa za PEP, zile za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, zinatolewa wapi usiku. Ukichomwa sindano unatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, kisha unameza siku 28 bila kuruka.