Baba yangu kwenye filamu: nimwambie mama?

Shikamoo mama. Natengeneza filamu ya nyumbani kwetu Igogo, Mwanza, kwa kamera ya simu na laki nne niliyopata kwenye dagaa. Ni habari ya baba. Siku ya arobaini yake, mwanamke alishuka kwenye kivuko cha Ukerewe na watoto wawili wenye pua ileile ya marehemu. Mama yangu mzazi hajui kwamba naigizisha hilo. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Pesa isikutishe. Mwaka 1998 Thomas Vinterberg wa Denmark alipiga filamu ya Festen, siri za familia zikifumuka kwenye sherehe ya baba, kwa kamera ndogo ya mkononi. Ila upepo wa ziwa unakula sauti; mazungumzo yapigie ndani.

Kazi ni mama yako. Mwambie kabla hujawasha kamera, mkiwa mnachambua dagaa: mikono ikiwa na shughuli, macho hayalazimiki kukutana. Akikataa kivuko, weka basi la Musoma. Watoto wawili, fanya mmoja. Pua usiiguse (mimi nimesoma barua yako mara tatu kwa ajili ya hiyo pua).

Na kupiga picha mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, usiende bila kibali cha Bodi ya Filamu.