Kidole kimekunjika: usikivute kabla ya kujua kinachokivuta

Dada mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ametuandikia juu ya papa yake, mzee wa miaka 64. Kidole chake cha pete kimekuwa kikikunjika taratibu kwa miaka miwili. Hakiumi. Kila jioni jirani humkanda kwa mafuta ya moto, kisha hukivuta. "Anasema mishipa imekauka. Tuendelee?"

Hapana, dada yetu. Acheni kuvuta leo.

Neno hilo mishipa ndilo linalotupoteza. Mirija ya damu tunaiita mishipa, neva za fahamu mishipa, kano zinazokunja vidole nazo mishipa. Na kuna kitu cha nne ambacho hatukipi jina kabisa: utando mgumu chini ya ngozi ya kiganja, unaoishikilia ngozi isiteleze mtu anaposhika jembe. Katika ugonjwa wa Dupuytren, uliopewa jina la mpasuaji wa Paris aliyeueleza mwaka 1831, utando huo ndio unaoota vinundu, kisha hujikaza na kuwa kamba. Kano zenyewe ni nzima. Ndiyo maana mgonjwa hufumba ngumi vizuri lakini hawezi kuifumbua yote.

Huanza na kinundu kigumu kwenye kiganja, chini ya kidole cha pete au kidole kidogo, na mara nyingi ngozi ya hapo huwa na kishimo. Kamba huja baadaye, pengine baada ya miaka. Huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50, hutembea katika ukoo, na huonekana zaidi kwa wenye kisukari, wavutaji sigara na wanywaji wakubwa wa pombe. Ila ugonjwa huu ni wa kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini. Kwa Waafrika ni nadra. Kwa hiyo hapa Bukavu, kidole kilichokunjika kisiitwe Dupuytren kabla ya kuondoa majina mengine, na la kwanza ni ukoma, unaoua neva za mkono.

Kaeni mezani penye mwanga. Mzee alaze kiganja juu ya meza. Kikilala chote, kamba, kama ipo, bado haijavuta vya kutosha. Kisha kikunjue kidole polepole kwa mkono wako. Kikigoma, na ukaona kamba inajichora chini ya ngozi ya kiganja, hiyo yaelekea ni Dupuytren. Kikinyooka bila shida lakini kikajikunja tena ukikiachia, huenda shida iko kwenye neva. Tazama pia kifundo kinachounga kidole na kiganja: kamba hukikunja kuelekea kiganjani, lakini neva ikifa kifundo hicho huinuka kuelekea nyuma, na vya mbele ndivyo vinavyojikunja kama kucha za mwewe. Kisha mzee afumbe macho. Mguse kwa ncha ya biki sehemu mbalimbali za kidole kidogo na ukingo wa kiganja, aonyeshe ulipogusa. Akikosa, au mkikuta baka lisilo na hisi popote mwilini, au neva nene kama kamba nyuma ya kiwiko upande wa ndani, msingoje wiki ijayo.

Hapa ndipo tunapoumia kila mara. Dupuytren inaweza kungoja miezi, hata miaka. Neva haingoji. Ikiwa imeanza kudhoofika chini ya miezi 6, prednizoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, chini ya uangalizi wa daktari inaweza kuirudishia nguvu. Zaidi ya hapo matumaini hupungua sana. Dawa za ukoma wenyewe ni bure, za miezi 6 au 12 kulingana na aina, na ukoma bado uko Kongo. Anayemficha mzee ndani kwa aibu anamnyima mkono wake.

Majina mengine ni mepesi kutambua. Kidole kinachokwama halafu kuruka kwa mlio, na kuuma chini yake, ni kano iliyobanwa. Mwenye kisukari ambaye viganja vyake haviwezi kugusana vyote akiviunganisha kama anayesali, mikono yote miwili, ana ukakamavu wa viungo. Kovu la moto mnalijua.

Kama ni kamba kweli, pimeni. Simamisha ukingo wa mkono juu ya karatasi, kidole kikinyooshwa kadiri kinavyoweza, chora umbo lake kwa biki, andika tarehe. Rudieni kila miezi 3. Kona ya daftari ni nyuzi 90. Ikunje igawanyike sehemu tatu sawa, kila moja ni nyuzi 30. Kifundo kinachounga kidole na kiganja kikikunjika kufikia nyuzi 30, au kifundo cha kati kikianza kukunjika hata kidogo, nendeni kwa mpasuaji. Hicho cha kati ndicho kigumu: mikanda yake ya pembeni hufupika, na hata kamba ikiondolewa kinaweza kisinyooke tena.

Kukanda, kuvuta na kufunga banzi usiku havijathibitishwa kuzuia kamba. Wembe ni hatari zaidi. Kamba mara nyingine huizunguka neva ya kidole na kuisogeza katikati, juu juu chini ya ngozi, mahali ambapo asiyejua hadhani ipo. Akiikata, upande wa kidole hufa ganzi.

Kuna kukata kamba kwa ncha ya sindano, haraka na kidonda kidogo, na kuna kuupasua utando na kuuondoa. Katika jaribio moja la Uholanzi, baada ya miaka 5 ugonjwa ulirudi kwa asilimia 85 ya waliotobolewa na 21 ya waliopasuliwa. Muulizeni mpasuaji anafanya ipi, na amewahi kufanya mikono mingapi. Baadaye mkono ukae juu ya moyo siku za kwanza ili usivimbe, na vidole vianze kusogezwa mapema, kwa maelekezo ya kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Asiyevisogeza hutoka na mkono mgumu kuliko alioingia nao.

Dada, mzee apimwe sukari pia. Mkienda, bebeni michoro yenye tarehe, na mwambieni daktari matokeo ya biki kabla ya kumwonyesha kidole.