ULIZA TUKUJIBU: Diwani yangu niipeleke tuzo gani?

SWALI: Habari zenu hapo. Nina mashairi kama sitini hivi na hadithi fupi tisa, hayajawahi kuwa kitabu ila mashairi kadhaa nilishayatupia Facebook. Nataka kushiriki tuzo lakini kila nikisoma masharti nachanganyikiwa, huyu anataka kitabu, yule hadithi moja tu, mwingine anataka hela kwanza. Nianzie wapi, na hayo ya Facebook ndo nimeshayaharibu?

JIBU: Hauko peke yako, zote zinaitwa tuzo basi watu wanadhani ni kitu kimoja. Kuna za vitabu vilivyokwisha toka, na hapo anayepeleka kwa kawaida ni mchapishaji, mfano T. S. Eliot Prize iliyopo tangu 1993, ya diwani zilizochapishwa Uingereza na Ireland. Hiyo iache kwanza. Caine Prize iliyoanza 2000 nayo imejulikana kwa hadithi moja fupi ambayo tayari imechapishwa, kwa hiyo mkusanyiko mzima wa hadithi tisa hauwahusu.

Wewe tafuta zinazopokea miswada. Kwa ushairi ipo Sillerman, ni ya washairi wa Afrika ambao hawajatoa diwani hata moja, mshindi anapata dola 1,000 na kitabu kinachapishwa na University of Nebraska Press, ila wanasoma Kiingereza au tafsiri ya Kiingereza. Kama unaandika Kiswahili angalia ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi Safal-Cornell, ina fungu lake la ushairi. Hadithi kwa Kiingereza kuna Drue Heinz ya Pittsburgh, tangu 1981, dola 15,000 na kitabu juu, si lazima uwe raia wa Marekani, lakini wanataka uwe umeshatoa kitabu cha hadithi au angalau hadithi tatu kwenye majarida yanayoeleweka, sasa wewe hizo tisa zimelala kwenye kompyuta! Anza kuzituma majaridani, moja moja.

Facebook: kwenye mashindano ya shairi moja moja wengi wanahesabu kwamba ulishachapisha, basi. Kwenye mswada wa diwani kwa kawaida hawajali mashairi machache kuwa yametoka mahali, wanachotaka ni kitabu chenyewe kiwe hakijatoka. Soma tu neno "kuchapishwa" wamelieleza vipi.

Hela sasa. Mashindano mengi ya wachapishaji wadogo Marekani yanatoza ada ya kusoma, dola ishirini hadi thelathini hivi, inalipa majaji na uchapaji, si wizi, ila ukituma kumi umeshamaliza mshahara wa mtu, mimi ningeanza na za bure kama Sillerman. Wizi ni ule wa kuambiwa umeshinda, halafu ununue kitabu chenye shairi lako, na ukichungulia kila aliyetuma ameshinda.

Kingine ambacho watu hawakizingatii ni jina. Sehemu nyingi msomaji wa kwanza hatakiwi kujua wewe ni nani, na huyo ndo anachuja rundo zima, jaji mkubwa anafikiwa na miswada michache tu iliyobaki. Niliwahi kusaidia kuchuja, ukaja mswada mzuri kweli, jalada limefutwa jina vizuri kabisa halafu ukurasa wa shukrani umemtaja baba, mama, ukoo na kijiji, na faili lenyewe limeitwa kwa majina yake matatu. Ukatolewa hata shairi la kwanza halijasomwa, roho iliniuma. Kwa hiyo toa shukrani, toa tabaruku, badili jina la faili, na kwenye Word ingia kwenye taarifa za faili ufute jina la mwandishi. Mashairi yako matatu makali kabisa yaweke mwanzoni, usiyafiche katikati ukisubiri msomaji afike, maana hafiki.