Umebadilisha difu? Usikimbilie kununua shokapu za nyuma

Wadau wa magari ya zamani, naulizwa sana hii Datsun 1200 pikapu yangu mbona nyuma imetulia wakati nimeifungia difu (ekseli nzima ya nyuma) la Corolla, lile la springi za majani (vile vyuma bapa vilivyopangwa juu kwa juu), na jibu langu ni moja, nilipima kwanza ndo nikaenda dukani. Maana huku Nyakato, Mwanza, ukimwambia muuza spea umebadilisha difu atakuuliza tu unataka shokapu za Datsun au za Corolla, na inawezekana kabisa hamna yoyote kati ya hizo inayokufaa. Shokapu haina habari na jina la gari, inachotaka ni urefu na mahali pa kufungwa.

Vipimo viko vitatu na vyote vinachukuliwa difu likiwa limeshafungwa na yu-bolti (zile bolti zilizopinda zinazobana ekseli kwenye springi) zimekazwa. Cha kwanza gari ikae chini kwa uzito wake, weka futi kamba katikati ya pini ya juu ya shokapu kwenye chasisi mpaka katikati ya pini ya chini. Cha pili nyanyua chasisi matairi yaning'inie, pima tena, huo ndo urefu mkubwa. Na hapohapo chungulia hosi ya breki na waya wa handibreki, kama hosi imevutika kama kamba ya ngoma usiendelee na shokapu, tafuta hosi ndefu kwanza. Halafu jamani tumieni stendi, najua Mwanza mawe tumejaliwa ila jiwe ni la kuzuia tairi lisitembee, sio la kubebesha gari uliyolala chini yake.

Cha tatu ndo watu wengi wanakiruka. Gari ikiwa chini pima nafasi kati ya ekseli na ile raba ya stopa (inayozuia ekseli isigonge chasisi), toa kwenye kipimo cha kwanza, halafu toa tena kama sentimita 2 hivi coz raba nayo inabonyea. Mfano gari imekaa sentimita 39, ikining'inia 46, nafasi ya stopa 7, kwahiyo ekseli inaweza kupanda mpaka shokapu ibaki na 30. Basi unatafuta shokapu ambayo ukiikandamiza mpaka mwisho inafika chini ya 30, na ukiivuta inazidi 46. Ikikandamizwa ikabaki ndefu kuliko 30, siku umepakia magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba ukapiga tuta, shokapu yenyewe ndo inageuka stopa, inapasuka sili au inang'oa pini kwenye chasisi. Ikivutwa isifike 46 nayo inabeba uzito wa difu lote kila tairi likidumbukia shimoni.

Suala la kulala. Difu likiwa pana au jembamba kuliko la zamani, pini za chini zinaweza kuhama na shokapu ikalala zaidi. Ikilala nyuzi 30 kutoka wima inabaki na kama robo tatu ya nguvu yake, ikifika 45 inabaki nusu, yani umelipia mbili unatumia moja. Kabla hujaita fundi wa kuchomelea angalia zile sahani za yu-bolti zenye pini ya shokapu, nyingi zina kushoto na kulia, ukizibadilishana upande pini inageuka na mara nyingine tatizo linaisha hapo bila kuchoma chochote. Ikibidi kuchomea breketi kwenye ekseli, achome vipande vifupi vifupi na aache ipoe, bomba la ekseli likipata moto mwingi linapinda, na shokapu ziwe zimetolewa mbali kabisa.

Kufunga kwenyewe sio kazi. Shokapu mpya ya mafuta isimamishe wima ilivyo kwenye gari, ipampu mara kadhaa mpaka ile hali ya kulegea katikati iishe, hewa imetoka. Zenye jicho lenye bushi (raba ya ndani ya jicho) weka bolti ila usikaze mwisho mpaka gari ishuke chini, ukikaza ikiwa inaning'inia bushi inakaa imejinyonga muda wote na haidumu. Zile za pini na raba, kaza mpaka raba itune ilingane na washa, basi, ukiibana mpaka ikatoka pembeni inakatika.

Kujaribu mimi napita zile rasta (vituta vidogo vya mfululizo) barabara ya Musoma mpaka Kisesa, kwanza bila mzigo kisha na mzigo. Nyuma ikiruka na kukaa palepale ni sawa, ikiendelea kunesa shokapu ni laini kwa hizo springi. Ukisikia ko ko ko ingia chini uangalie kama mwili wa shokapu haugusi springi wala bomba la ekzosi. Na ukirudi pitia nati zote na spana, hasa za yu-bolti, lazima utakuta iliyolegea.

Shokapu za skrepa kwa kazi hii sishauri, labda ukazitumie kupimia urefu tu.