Jirani wa chini kanipenyezea karatasi mlangoni

"Shangazi shikamoo. Mimi na mume wangu tunakaa fleti ya juu kabisa. Kazini narudi saa nne usiku, ndo napika, tunakula, napangapanga vitu, mpaka kulala ni saa sita. Juzi nimekuta karatasi chini ya mlango, ya jirani wa chini: 'Samahani jirani, usiku viti vinaburutwa sana, mtoto anashtuka, naomba mtusaidie.' Iliniuma. Muziki hatupigi, wageni hatuna, na kodi tunalipa kama wao. Tangu siku hiyo tukikutana kwenye ngazi napita kimya. Mume wangu anasema nisijibu, watazoea. Shangazi, mimi ndo nina roho mbaya au huyu ni msumbufu? Ni mimi, Wa Juu."

Marahaba mwanangu. Roho mbaya huna, mwenye roho mbaya hakai chini akaandika barua kuuliza kama anayo, angekuwa ameshaanza kuburuta viti makusudi. Ila kwenye hii kesi mie niko upande wa karatasi.

Hebu isome tena taratibu, sio na ile hasira ya saa nne usiku miguu inauma. Imeanza na samahani. Yaani aliyekatwa usingizi ndo kaomba samahani, wewe uliyemkata bado. Hajaenda kushtaki kwa mwenye nyumba, hajagonga dari na mti wa ufagio, hajaja kusimama mlangoni kwako na mtoto analia begani. Na hakuna mtu anayeandika karatasi siku ya kwanza, siku ya kwanza unageukia ukutani, ya pili unasema labda leo wana wageni, wiki inapita unajisemea ngoja ninyamaze nisionekane mkorofi, mpaka mtu anatafuta kalamu ujue ameshameza mengi. Wewe umeipata juzi, mwenzio alikuwa anaiandika kichwani siku nyingi.

Sasa hilo la muziki hatupigi, nakuamini. Lakini kiti kwenye sakafu ya zege ni kitu kingine kabisa, maana sauti ya mtu akiongea inapita hewani kwanza na ikifika kwenye zege sehemu kubwa inaishia hapo, ila kiti kinaligusa zege lenyewe, likitikisika na dari la wenzio linavuma kama ngozi ya ngoma. Ndo maana huko chini hawajui mlikuwa mnaongea nini ila wanajua vizuri sana mmemaliza kula saa ngapi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa kelele wa mwaka 1999 lilisema chumba cha kulala usiku, kelele ya mfululizo isizidi desibeli 30, hiyo ni kama mtu ananong'ona, na ile ya ghafla isizidi 45. Maongezi ya kawaida tu yako kwenye 60 hivi. Kwa hiyo sio mpaka ufungulie spika ndo uwe mpiga kelele, saa sita usiku jengo zima limetulia, mburuto mmoja unatosha.

Kuna jaribio lilifanywa pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1990, nalipenda sana. Mtafiti anaitwa Elizabeth Newton, aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa vidole wakifuata wimbo ambao kila mtu anaujua, na mwenzake akae asikilize autaje. Wagongaji wakasema nusu ya nyimbo zitatambulika. Zikagongwa 120, zikatambulika 3! Kwa sababu anayegonga wimbo wote anausikia kichwani, na maneno na vyombo, ila aliyekaa mbele yake anachopata ni ko, ko, ko. Ndo wewe na kiti chako. Huko juu unajua habari yote, nimechoka, navuta kiti, nile kidogo, nilale. Kule chini inafika ko peke yake.

Na usidhani nakusema wewe tu. Mie nilikuwa mtu wa kusikiliza voisi za ndugu zangu kwenye basi, spika wazi, hedifoni nilikuwa nasema zinaniumiza masikio. Siku moja nashuka, kijana mmoja mpole ananiambia kwa heshima zote, "pole na mgonjwa, mama." Kumbe basi zima lilishajua mdogo wangu anaharisha tangu jana. Nilitamani ardhi ipasuke. Mpaka dakika ile ningekuapia kwamba mimi sina tabia ya kusumbua watu.

La kodi sitalikalia sana, unalipa, kweli, ila sakafu yako ndo dari lao, mnalipia kitu kimoja nyie wawili. Na baba watoto aliyesema watazoea, ni rahisi kusema hivyo kama juu yako hakuna mtu.

Ila sisemi muanze kuishi kwa kunyata kama wezi. Kupika utapika, kuoga utaoga, zamu ya kazi hukujipangia wewe, na yeye anayekaa kwenye fleti akubali kwamba nyayo atazisikia. Siku akija kulalamika kwamba mmepiga chafya mchana, niandikie tena tumshughulikie pamoja. Lakini kiti kinanyanyuliwa jamani, sio kabati! Miguu yake inavalishwa vile vipande vya mpira au kitambaa kizito, kazi ya jioni moja, na viatu vya kisigino viishie mlangoni.

Karatasi sasa uijibu kwa mdomo. Siku yako ya mapumziko, mchana, shuka ugonge, salimia, muulizie mtoto kwanza. Usianze na "kama tumewakera", hiyo kama iache huko huko juu, sema karatasi niliiona, samahani kwa viti na samahani nimekaa kimya, mwambie na hiyo zamu yako ya usiku maana hajui, pengine anadhani mnakesha tu kwa raha zenu. Mpe na namba ya simu, siku mtoto anaumwa akutumie meseji. Alafu muombe usimame kwenye chumba cha mtoto dakika mbili, mumeo huko juu avute kiti cha mezani. Na umwonye mapema avute kama anavyovuta siku zote, asije akajifanya mstaarabu kwa sababu leo anajua unasikiliza.