Kisu cha mfukoni: tazama wembamba wa bapa kwanza

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mtu anayetaka kisu kidogo cha kukunja cha kutembea nacho kila siku, akichague kwa kigezo gani? Jibu langu ni wembamba wa bapa. Baada ya hapo atazame uzito, kisha chuma, kisha komeo, yaani kile kinachozuia bapa lisijikunje juu ya vidole. Urefu na sura viwe vya mwisho, ingawa dukani ndivyo vinavyovuta macho kwanza.

Mimi ni afisa ugani. Kazi yangu iko kwenye mashamba ya michungwa wilayani Muheza, na kisu hakitoki mfukoni mwangu tangu asubuhi hadi nirudipo nyumbani. Kazi zake ni ndogo ndogo: kukata kamba ya katani mdomoni mwa gunia, kufungua mfuko wa mbolea pasipo kuupasua wote, kuchonga kijiti cha kushikiza mche, kukata kitawi chenye ugonjwa nikakitazame kwa utulivu, kumenya chungwa. Nyumbani kinafungua maboksi na kukata nyuzi. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayodai bapa refu kuliko kidole changu cha shahada. (Kubebesha miche, yaani kuunga chipukizi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, ni kazi nyingine kabisa. Ina kisu chake, kinafutwa kwa spiriti kati ya mche na mche, na hakimenyi tunda wala kugusa boksi. Nawasihi wakulima wasivichanganye, maana kisu kichafu kinahamisha ugonjwa kutoka mti hadi mti.)

Kipimo changu ni chungwa. Chungwa letu hubaki na rangi ya kijani hata likiiva, na wauzaji wa stendi wana namna yao ya kulimenya. Wanaanzia kwenye kikonyo. Kisu kinatulia karibu palepale, chungwa ndilo linalozungushwa, na ganda la kijani linashuka kama utepe mmoja usiokatika. Ule utando mweupe unabaki umelizunguka tunda lote. Mwisho wanakata kofia juu, na mteja anaminya na kunyonya bila kulowa mikono. Uzuri wote wa kazi hiyo umo kwenye utando mweupe: ukitobolewa mahali pamoja tu, maji yanavujia hapo.

Sasa chukua kisu kinene cha kukunja, vile vya mnadani vilivyopakwa rangi nyeusi, vyenye meno mgongoni na mpini wenye mashimo, ujaribu kazi hiyo hiyo. Makali yanaingia vizuri kwa hatua ya kwanza. Kisha unene ulio nyuma ya makali unalisukuma ganda nje, kisu kinapoteza njia, ganda linakatika vipande vipande, na kabla hujafika katikati bapa limeshazama kwenye nyama ya tunda. Wengi hudhani kisu ni butu, wakakirudisha kwenye kinoo. Hata ukikinoa mpaka kinyoe nywele za mkono, hali itakuwa ile ile, kwa sababu kinoo kinagusa ukingo mwembamba tu wa bapa. Umbo lililobaki, kuanzia hapo hadi mgongoni, ndilo ulilolilipia, na hilo halibadiliki kwa kunoa.

Ndiyo maana nasema tazama wembamba kwanza. Mgongo wa bapa wenye milimita 2 au pungufu unatosha sana kwa kisu cha mfukoni. Wenye milimita 3 au 4 ni wa mtu anayepasua kuni, na kuni hazipasuliwi kwa kisu cha kukunja. Dukani fungua bapa, litazame kutokea kwenye ncha, ulione linavyonywea kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Likinywea taratibu kutoka mgongoni moja kwa moja, litapita kwenye tunda. Likibaki nene hadi karibu na mwisho ndipo lichongwe ghafla, liache.

Ninachobeba mimi ni Opinel namba 6. Ni kisu cha Ufaransa, cha mpini wa mti wa mviringo, bapa lake ni kama sentimita 7, uzito wake wote kama gramu 30. Joseph Opinel alikitengeneza mwaka 1890 katika milima ya Savoie, akiwa kijana wa miaka 18. Baba yake alikuwa fundi wa shoka na zana za shamba, na wateja wa mwanzo walikuwa wakulima na vibarua wa huko. Mwaka 1897 kisu hicho kilikuwa na saizi 12 zenye namba, 1 hadi 12. Kwangu mimi historia hiyo ina maana. Kilibuniwa kwa watu wanaokata mkate, jibini na matawi siku nzima, nao hawakuhitaji mapambo, walihitaji bapa jembamba lisilowachosha. Namba 8 ndiyo inayojulikana zaidi, ina bapa la sentimita 8 na nusu, na mwenye kiganja kikubwa ataipenda. Mimi namba 6 inanitosha, na haijai mfukoni.

Uzito watu wanauchukulia kirahisi, nadhani kwa sababu dukani kisu kizito kinaonekana imara. Lakini kisu cha gramu 150 kinavuta suruali upande mmoja, kinagonga paja ukitembea, na kinasumbua ukipanda bodaboda. Wiki ya kwanza unakibeba. Wiki ya pili kinabaki kwenye droo, na siku unapokihitaji uko shambani nacho kiko nyumbani. Hili lilijulikana zamani. Karl Elsener, fundi wa visu wa Uswisi aliyefungua karakana yake mwaka 1884, alianza kuliuzia jeshi la nchi yake visu vya askari mwaka 1891. Kilikuwa kisu imara lakini kizito. Akabuni kingine chepesi zaidi kwa ajili ya maofisa, akakisajili tarehe 12 Juni 1897, na hicho chepesi ndicho kilichozaa visu vyote vyekundu vya Victorinox, kampuni iliyotokana na karakana yake, tunavyovijua leo. Kidogo chao cha kuning'iniza na funguo kina milimita 58 kikiwa kimekunjwa na uzito wa gramu 20 na kitu. Mtu wa ofisini, anayefungua bahasha na kukata uzi wa shati, hahitaji zaidi ya hicho.

Kuhusu komeo watu wanabishana sana. Visu vya Victorinox vya kawaida havina komeo kwa bapa kuu. Vina springi inayolishikilia bapa, na ukisukuma kwa nguvu linakunjika. Kwa kukata kuelekea chini hilo ni salama kabisa. Hatari iko pale mtu anapochoma kwa ncha, kwa mfano kutoboa dumu la plastiki: bapa linakwama, mkono unasonga mbele, kisu kinajikunja. Opinel yangu ina pete ya chuma kwenye shingo ya mpini. Unaizungusha kwa kidole gumba na bapa halisogei tena. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955, na inapatikana kuanzia namba 6 kwenda juu. Zile ndogo zaidi hazina. Ni sababu mojawapo ya mimi kuishia kwenye 6 na kutoshuka chini.

Hapa lazima nitaje kisu cha Okapi, kwa sababu wazee wengi wa kwetu wanakijua na wasomaji wengine watakipendekeza. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika ilikuwa sehemu ya makoloni hayo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake wa mti una nyota na mwezi, na aina inayojulikana zaidi ina pete ndogo mgongoni: unaivuta ndipo bapa liachie. Kinafunguka kwa mlio wa meno, krrr, unaosikika chumba kizima. Ni kisu cha bei nafuu na chuma chake kinashika makali haraka. Nakiheshimu. Lakini aina nyingi zake ni ndefu na zenye ncha kali, na umbo hilo likitolewa mbele za watu linawatia hofu. Kwa kumenya chungwa kwenye daladala sikipendekezi.

Chuma ni suala la hewa ya mahali unapoishi. Chuma cha kaboni kinanoleka upesi na kinafikia makali matamu, lakini kinashika kutu. Kisichoshika kutu kinachukua muda kidogo zaidi kwenye kinoo, ila hakikusumbui. Opinel wanatengeneza aina zote mbili. Kwa mtu wa Dodoma au Tabora ningesema chukua cha kaboni bila wasiwasi. Kwa sisi wa pwani, hewa yenye chumvi na jasho la mfukoni ni maadui wa kila siku, na maji ya chungwa yana asidi. Bapa la kaboni likiguswa na asidi hubadilika rangi, linakuwa la bluu ya kijivu, na rangi hiyo haina ubaya, inalikinga kidogo. Ubaya ni vidoa vyekundu vinavyotokea ukikikunja kikiwa kibichi na kulala nacho. Mimi nimechagua kisichoshika kutu. Hata hivyo nakifuta kabla ya kukikunja, kwa sababu sukari ya tunda ikikauka kwenye bawaba inanata.

Mpini wa mti nao una tabia zake. Masika unavimba kwa unyevu, na bapa linakuwa gumu kufunguka hadi ukucha unauma. Watu wa Savoie wana dawa yake: pete ikiwa imefunguliwa, wanagonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu, na bapa linachomoza kidogo upande wa pili, unalishika. Nami hufanya hivyo. Kiangazi mpini unanywea na kisu kinafunguka kwa urahisi tena. Tone la mafuta kwenye bawaba na kuuacha mpini ukauke kivulini husaidia. Anayechukizwa na hayo achukue kisu chenye mpini wa plastiki au aluminiamu.

Kabla ya kulipa, kikunje kisu na upapase mpini pande zote: ncha isitokeze popote, maana ikitokeza itatoboa mfuko na kidole. Kifungue, shika bapa kwa vidole viwili ulitikise kushoto na kulia. Likicheza likiwa jipya, litalegea zaidi baadaye. Jaribu kukifungua mkono ukiwa na jasho. Basi.

Kunoa hakuhitaji gharama. Kinoo kidogo cha maji kinatosha, na ukikikosa, geuza kikombe cha udongo: ile duara ya chini isiyopakwa rangi ya kung'aa inanoa vizuri. Laza bapa karibu kabisa na jiwe, inua mgongo kidogo tu, upitishe kama unayetaka kukata kipande chembamba cha jiwe lenyewe. Pande zote sawa. Mara chache kwa mwezi.

La mwisho ni adabu na sheria, na naliandika kwa uzito uleule. Kisu cha mfukoni ni zana, na mwenye kukibeba ana wajibu wa kukifanya kionekane hivyo. Sikifungui penye mabishano. Sikichezei mkononi. Mtu akikiomba, nakikunja ndipo nampa. Nikienda mjini kwenye jengo lenye walinzi na mashine mlangoni, nakiacha nyumbani, na uwanja wa ndege kinakwenda kwenye begi kubwa la chini, kamwe si la mkononi.

Walio nje ya nchi wasome sheria ya huko kabla ya kununua. Mdogo wangu yuko Leicester, na alitaka nimpelekee Opinel kama yangu. Nilikataa. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, kisu cha kukunja unachoweza kutembea nacho hadharani bila kuulizwa sababu ni kile ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mahakama za huko zimeshaamua kuwa chenye komeo hakihesabiki humo, hata kiwe kifupi namna gani. Pete ile ninayoipenda mimi ingemtia yeye matatani. Nilimshauri anunue hukohuko Victorinox ndogo isiyo na komeo, nayo ndiyo anayomenyea matunda kazini.

Msomaji wenu,
Muheza, Tanga