Kabla ya kuhamia kompyuta pepe: programu zipi ziende, zipi zibaki?

SWALI: Kampuni yetu ina wafanyakazi 180. Tunataka waache kompyuta za kawaida na watumie kompyuta pepe zinazoendeshwa kwenye seva. Wakuu wa idara wametupa orodha ya programu 64. Je, tuanze kuzijaribu moja moja?

JIBU: Msianze na orodha hiyo, ndugu msomaji. Mkuu wa idara hutaja anazozikumbuka. Ile inayofunguliwa na karani mmoja kila mwisho wa mwezi haimo, na ndiyo itakayowasumbua siku ya kuhama. Wekeni kwenye kompyuta za sasa chombo cha kurekodi nani amefungua programu gani, kwa muda gani, na imetumia kumbukumbu (RAM) na prosesa kiasi gani. Kipimo kiendelee walau siku 30 na kipitie mwisho wa mwezi. Kama hesabu za robo mwaka ziko karibu, zisubirini. Ambazo hazikufunguliwa hata mara moja, waulizeni wenyewe kabla ya kuzifuta, maana nyingine ni za mara moja kwa mwaka.

Zilizobaki, tazameni umri wake. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, yaani zile za zamani sana, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Kuna mtego hapa: programu yenyewe yaweza kuwa ya biti 32 lakini kisakinishi chake (programu ndogo inayoiweka kwenye kompyuta) kikawa cha biti 16, basi mnakwama kabla hata haijaingia.

Kisha chunguzeni kila programu inaandika wapi data zake. Inayohifadhi mipangilio ndani ya folda ya Program Files, au kwenye sehemu ya rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) inayohusu mashine nzima, mara nyingi hudai haki za msimamizi. Na kama kompyuta pepe inarudishwa upya kila mtumiaji anapotoka, mipangilio hiyo inapotea. Watu wengi wakitumia seva moja kwa pamoja, programu inayoandika faili ya jina lile lile ndani ya folda ya C:\Temp huwagombanisha: wa kwanza anafanya kazi, wa pili anaambiwa faili inatumika. Leseni nazo zisomwe neno kwa neno. Iliyofungwa kwenye namba ya kadi ya mtandao hukataa pale mashine inapoundwa upya kwa namba nyingine.

SWALI: Tumejaribu programu ya uhasibu kwenye kompyuta pepe zilizo kwenye kituo cha data cha mbali. Hifadhidata bado iko ofisini. Fomu moja inachukua karibu nusu dakika kufunguka. Tuongeze kumbukumbu?

JIBU: Kumbukumbu haitaponya hili, umbali ndio unaowaumiza. Tuseme fomu hiyo inaiuliza hifadhidata maswali 800, moja likisubiri jibu la lililotangulia. Ndani ya ofisi, kwenda na kurudi kukichukua nusu milisekunde, jumla ni sekunde 0.4. Safari ikiwa milisekunde 30, jumla ni sekunde 24. Kuongeza upana wa mtandao nako hakusaidii sana, kwa kuwa maswali ni madogo; kinachokula muda ni idadi ya safari. Hesabuni safari hizo kwa chombo cha kunasa pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) wakati mtu mmoja anafungua fomu moja, mzidishe kwa muda wa safari, nanyi mtaona jibu. Dawa ni kuihamisha hifadhidata ikae jirani na kompyuta pepe, na kila programu nyingine inayoisoma iende nayo, la sivyo mtakuwa mmelihamishia tatizo kwa jirani.

SWALI: Nani afanye majaribio ya mwisho, fundi au mtumiaji?

JIBU: Mtumiaji, kwa akaunti yake ya kawaida. Fundi akijaribu kwa akaunti ya msimamizi, makosa ya ruhusa hayataonekana kabisa. Afanye kazi yake ya siku nzima: achapishe, askani, achomeke kifaa cha USB cha leseni kama kipo, kisha atoke, aingie tena na kuangalia kama mipangilio yake imebaki. Programu itakayoshindwa na haina toleo jipya, iacheni kwenye kompyuta chache za kawaida, na mwandike jina la anayeitumia.